Kadi Iliyo Kwenye Kopo la Vifungo

Saida mwanangu,

Salamu nazipunguza, maana tunalala chini ya bati moja na leo asubuhi umenisalimia mara mbili, ya kwanza ukiwa bado na usingizi. Mimi mzima, baba yako mzima, na wewe mwenyewe unajua u mzima, isipokuwa hayo macho yaliyovimba kwa kulia. Hayo macho ndiyo yaliyonikalisha hapa.

Kadi yako ya benki haikupotea. Haikudondoka kwenye pikipiki, haikubaki kwenye duka la simu, wala yule binti wa jirani uliyemtazama vibaya jana hakuiona. Iko kwenye kopo langu la vifungo, chini kabisa, chini ya vifungo vyeupe vya mashati ya shule. Niliiweka mimi, kwa mkono huu huu uliokupangusa machozi.

Usome tena kama unataka. Mimi nimeshachana karatasi mbili kabla ya kuweza kuandika maneno hayo.

Umekwenda Giheta kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua, hatakuachia kabla hujala na hujafungiwa maharage ya njiani. Kwa hiyo nina alasiri yote. Karatasi hizi nimezichana kwenye daftari langu la vipimo, ndiyo maana upande wa nyuma utakuta viuno na mabega ya watu. Sitakuandikia habari za sweta, chandarua wala kuchemsha maji. Shangazi yako ameshakuambia yote hayo na ya kuongezea, na wewe ni muuguzi, unayajua kutuzidi. Nataka kukuandikia habari ya wivu wangu, kabla hujaondoka kwenda kuanza kazi hospitali ya Muyinga ukidhani umezaliwa na mtu mwema.

Nianze na Alhamisi ile uliporudi na kadi. Uliingia uani hujavua hata viatu. "Mama, angalia! Iko na jina yangu!" Ukaiweka juu ya cherehani, juu ya sketi niliyokuwa naipiga pindo. Herufi zilikuwa zimeinuka, nikazipitishia kidole. Jina lako na jina la baba yako. Ukasema, "Na wameniambia, hata mshahara ikichelewa, naweza toa kidogo mbele. Na mkopo, Mama, wanakata pole pole kwa mshahara. Nimeweka sinyatiri, saini tu, dakika kumi, voilà."

Nilipiga vigelegele. Majirani wakaja, mmoja akasema, "Mama Saida, sasa iko na benki ndani ya nyumba!" Nikacheka nao. Vigelegele vile vilikuwa vya kweli nusu. Nusu nyingine ilikuwa inauliza: dakika kumi? Hujaingia kazini hata siku moja. Hujamchoma mgonjwa wao hata sindano moja. Mimi nimekanyaga cherehani katika mji huu wa Gitega zaidi ya miaka ishirini, nimewavisha maharusi, wanakwaya na mahujaji, na hakuna mtu wa benki anayejua jina langu linavyoandikwa.

Mtu anamwonea wivu jirani, anamwonea mke mwenza, anamwonea wifi. Hayo yanajulikana, yana hata nyimbo zake. Mama kumwonea wivu binti aliyemzaa, hilo sijasikia mtu akilisema kwa sauti. Basi nalisema mimi. Nilikuonea wivu, Saida, mpaka chakula kikanishinda, nikasema ni vidonda vya tumbo. Ukaenda kuninunulia dawa.

Ili unielewe lazima nikurudishe nyuma, kwa Mwalimu Spesi. Unamkumbuka? Ulikuwa na miaka sita. Alipanga chumba cha pembeni ya bomba, hapa hapa mtaa wa Yoba, kwenye ua ule wa zamani kabla hatujahamia huku. Ndiye aliyekufundisha kushika kalamu, maana ulikuwa unaishika kama mwiko. Mwanamke mrefu, mwenye mabega, Mkristo wa kwaya, kwao Buhinyuza huko huko Muyinga unakokwenda. Sisi tukifunga Ramadhani yeye alikuwa hapiki mchana uani, ili harufu isitutese. Siku ya Idi alikuwa wa kwanza kuja kumenya viazi. Huyo ndiye niliyemfanyia haya.

Miaka ile nilikuwa nashona kwenye baraza ya duka la vitambaa sokoni, na cherehani yangu moja nzee niliyorudi nayo kutoka Tanzania. Msimu wa harusi nilikuwa napata kumzidi mwalimu. Si majivuno, tulikuwa tukihesabu pamoja na kucheka. Lakini yeye alikuwa na karatasi ya mshahara. Kila baada ya muda alikwenda benki na kurudi na kitu: mabati ya nyumba ya wazazi wake, kiwanja kidogo pembeni ya mji, friji. Mimi nikitaka uzi wa katoni nzima ilibidi nikope kwa bwana mmoja wa sokoni aliyekuwa anashika rehani magodoro ya watu. Aliyachukua na kuyakalia mbele ya duka lake mchana kutwa, ili kila apitaye aone ni godoro la nani.

Nikasema na mimi nitakwenda benki. Baba yako akaniambia, "Mkopo wa benki una riba, Zaituni. Mimi simo." Nikamjibu haya, usiwemo. Nikavaa vizuri, nikafunga pesa zangu za msimu kwenye kitambaa ili waone si maskini. Bwana wa mezani alinikaribisha kwa heshima, siwezi kumsingizia.

"Mama, pesa unapata, mi sikatae," akasema. "Mais karatasi ya mshahara iko wapi?"

"Mimi ni fundi. Mshahara wangu uko hapa," nikamwonyesha vidole.

Akacheka, si kwa ubaya. "Kwa vidole, Mama, benki haiwezi kukata kitu. Uko na kiwanja ya jina yako? Bon. Uko na mtu wa serikali wa kukuwekea sinyatiri?"

Sina, sina. Mtu aliyekulia kwenye kambi ya wakimbizi ng'ambo anadhaminiwa na nani? Nilirudi nchi hii nikiwa mtu mzima, na shule yangu ilikuwa ya kambini, Kifaransa sikukipata. Akanipa fomu ya Kifaransa, kurasa nne, niende nikaijaze. Nilifika nyumbani nikaikata, nikaifanya karatasi ya kupimia kola.

Spesi aliikuta ile kola mezani kwangu. Akaigeuza, akaisoma, akavuta kigoda.

"Zaituni," akasema, "we uko na mikono, mi niko na karatasi. Tuunganishe, donc. Mi nakopa, we unanirudishia kila mwisho ya mwezi. Shida iko wapi?"

Ndivyo nilivyopata cherehani ya mota na ile ya kupiga kingo. Ndizo zilizokulipia shule, daftari, na miaka yote ya uuguzi. Kwa hiyo sikuandikii hapa kwamba mkopo ni mbaya. Baba yako ana neno lake na ana haki nalo, lakini hata yeye hajawahi kuukataa wali uliotoka kwenye cherehani zile.

Shida ilianza polepole. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nabisha mlangoni kwake na bahasha. Alikuwa haihesabu. Aliiweka chini ya Biblia na kunimiminia chai. Ungedhani ningefurahi. Mimi nilichukia kwamba haihesabu. Nikawa nasema moyoni, anajiona ana nyingi kiasi hicho? Na angeihesabu ningesema haniamini. Wivu hauna jinsi ya kuupendeza, mwanangu, ukiupa kiti unataka kitanda.

Na watu wa sokoni na midomo yao: "Peleka kwa Zaituni, yule wa mashine za mwalimu." Za mwalimu! Mimi nashona, mimi nalipa, mgongo unaouma ni wangu. Yeye mwenyewe alikuwa anasema "mashine yetu", kwa upendo, na hilo "yetu" lilinichoma kuliko maneno ya watu wote.

Halafu akapewa kadi, ya kwanza kuiona kwa macho yangu. Aliniomba nimsindikize mjini kwenye ule mtambo wa ukutani, maana aliogopa utaimeza. Nikasimama nyuma yake nikimkinga na watu. Ukuta ukatoa noti. Akageuka akicheka kama msichana, akasema, "Zaituni, hata sijasalimia mtu!" Nilicheka naye. Njia nzima ya kurudi nikawa nahesabu ni watu wangapi mimi huwasalimia, na habari za watoto wangapi huziuliza, kabla sijakopeshwa bunda moja la uzi.

Wakati ule nilikuwa na kanga niliyoletewa kutoka Kigoma, imeandikwa MWENYE WIVU AJINYONGE. Nilikuwa naivaa makusudi siku za kupeleka bahasha. Niliona nampiga kijembe. Sikujiuliza hata siku moja ni nani kati yetu wawili anayeambiwa ajinyonge.

Mdogo wake Spesi akaposwa. Spesi, kwa kuwa ndiye dada mkubwa, akaniletea kitenge kizuri cha bei ili nimshonee gauni la siku ya mahari. Sasa nikueleze jambo la ufundi, wewe ambaye hukutaka kujifunza hata kutunga uzi. Fundi anayempenda mteja wake, anapokata nguo huacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, upana wa kidole au viwili kila upande. Nje hakionekani. Mteja akinenepa, nguo inafunguliwa. Mimi sikuacha. Nilikata palepale kwenye mstari, na kwapani na kiunoni nikapunguza tena. Nilijidanganya kwamba ndio mtindo. Alipolijaribu mbele ya kioo akasema, "Yoo, imekaa vizuri, mais kupumua?" Nikamwambia mwanamke akitaka kupendeza avumilie.

Siku ya mahari ua ulijaa. Wageni wa upande wa mume wakaingia na vikapu vichwani, kama desturi. Spesi akasogea mbele kumpokea mama wa bwana harusi, akainua mikono miwili kushika kikapu. Mimi niliusikia mshono kabla sijauona. Ulifunguka kuanzia kwapani hadi kiunoni, pande zote mbili, nguo ya ndani ikawa nje mbele ya wakwe. Wapo waliocheka, wapo waliogeuza nyuso. Na yeye hakukiachia kile kikapu. Alikishika juu hivyo hivyo, mikono imeinuka, kila kitu kinaonekana, mpaka alipopatikana mtu wa kukipokea. Hakutaka kidondoke siku ya mdogo wake.

Nilikuwa hatua nne kutoka kwake na nilikuwa na kanga ile ile mabegani. Sikusogea. Shangazi mmoja wa kwao ndiye aliyeichomoa kanga yangu na kumfunika nayo. Spesi akakaa sherehe nzima na maandishi yale mgongoni. Kesho yake aliirudisha imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa maandishi yakiwa ndani.

"Pole na gauni," akaniambia. Yeye ndiye aliyenipa pole! "Mi nimenenepa tu, si kosa yako."

Mwalimu wa kusoma na kuandika, Saida. Alikuwa ameisoma.

Mtu mwingine angekoma hapo. Mimi niliona aibu, na aibu ikageuka hasira, nikaona afadhali nisionane naye kabisa kuliko kunywa chai yake. Mwezi ule sikupeleka bahasha. Nikamwambia kazi imelala. Mwezi wa pili hivyo hivyo, wa tatu hivyo hivyo, na ndiyo iliyokuwa miezi ya mwisho ya deni. Kazi ilikuwa haijalala, ilikuwa msimu wa sare za shule, na pesa zake zilikuwa kwenye kopo hili hili la vifungo. Nilijiambia, mtu wa kadi, mtu mwenye benki nyuma yake, miezi mitatu itamfanya nini?

Nilijua itamfanya nini siku aliponiita nimsaidie kusogeza lile friji, nikakuta karatasi yake ya mshahara iko wazi mezani. Kifaransa sikijui, lakini tarakimu ni tarakimu. Makato yalijaza ukurasa, na pembeni ya kila moja alikuwa ameandika kwa mkono, kwa Kirundi, ni la nini. Mabati, kiwanja, friji, cherehani zangu, mkopo mwingine wa kuziba ule wa kwanza, na zile alizotoa ukutani kabla ya wakati wake. Chini kabisa, mahali pa pesa ya kupeleka nyumbani, palikuwa na kiasi ambacho mimi nisingekubali kushonea sketi mbili. Huyo ndiye niliyekuwa namwonea wivu. Mimi walinifungia nje, yeye walimfungia ndani, na tulikuwa tunateka maji bomba moja.

Na bado sikumlipa. Nikuambie ukweli mpaka mwisho: nilipoiona ile karatasi nilifurahi. Si sana, lakini nilifurahi.

Kiwanja akakiuza. Kodi ya Gitega ikamshinda, akaomba ahamishiwe kufundisha kwao. Asubuhi ya kuondoka likaja gari dogo, wakapakia godoro na meza na lile friji. Akaja mlangoni kwangu kuaga. Mimi nilikuwa ndani nakanyaga cherehani yangu nzee kwa nguvu zote, bila kitambaa, sindano inatoboa hewa, ili asikie niko kazini aelewe sina nafasi. Akasimama pale kidogo. Wewe ulikuwa kizingitini. Nikamsikia anakuuliza, "Mama iko na kazi nyingi?" Ukaitikia ndiyo, "Ego, Mwalimu." Akakupa kalamu yake nyekundu. Gari likaondoka.

Ukaingia ndani ukanitazama. "Mama," ukaniuliza, "ulikuwa unashona nini?" Nikakufokea ukanawe miguu.

Hakuwahi kunidai. Hakutuma mtu, hakuandika, hakupiga simu. Wauza maharage wanaotoka huko huniambia yupo, amezeeka kidogo, bado anafundisha. Mimi huwauliza bei ya maharage na kugeuka.

Sasa turudi kwenye wiki hii. Jumapili ulinikalisha ukanipa fomu ya mkopo wako, nijaze aina ya mashine na bei yake. Ukasema, "Mama, mi nakopa, we unanunua mashine ya kudarizi. Utanirudishia pole pole, ama usirudishe. Shida iko wapi?" Maneno yale yale, mwanangu! Hukuyajua, ulikuwa mtoto unacheza uani. Nikaiona miaka inayokuja: kila mwisho wa mwezi nakutumia pesa kwa simu na wewe huzihesabu, sokoni wanasema mashine ya Saida, wewe unasema "mashine yetu" kwa upendo. Nikajua nitakuja kukufanyia kitu. Sikujua kitu gani, lakini mimi najijua. Na badala ya kukuambia hapana, kama mtu mwenye akili, Jumatatu ulipoingia kuoga nikafungua pochi yako.

Sikutaka pesa zako. Namba zako za siri sizijui na usije ukaniambia. Nilitaka ukae bila ile kadi siku mbili tatu. Nilitaka uwe kama mimi.

Ukapindua godoro, ukamwaga begi ulilokuwa umeshalipanga, ukarudi njia yote mpaka kwenye duka la simu ukitazama chini. Halafu ukakaa sakafuni ukasema, "Mi siko na akili, Mama. Kitu ndogo hivi nashindwa kuchunga. Na wagonjwa, nitaweza?" Nikakupangusa machozi. Nikakuambia usilie, ni plastiki tu. Na nilishiba, Saida. Kwa saa nzima hivi nilijisikia mtu aliyeshiba. Ulipokisogeza chakula chako pembeni ndipo shibe ile ikanigeuka, na tangu hapo kila nikifungua kopo kutoa kifungo naiona ile kona ya kadi inanichungulia.

Kwa hiyo una akili. Hujapoteza kitu maishani mwako, hata ile kalamu nyekundu, ambayo najua bado unayo.

Huko Muyinga watakuja watu kwako. Hospitali nzima itajua una mshahara wa benki, na mtaa nao utajua. Atakuja fundi kama mimi, mama muuza samaki, mtu mwenye vidole vizuri na hana karatasi. Usiwafukuze, wengine ni watu wa kweli na mlango umefungwa usoni mwao bila kosa. Lakini jina lako usiwape. Ukiwa na pesa mkononi toa pesa, hata kidogo, uzihesabu mbele yao nao wazihesabu mbele yako, msioneane haya. Spesi alidhani kutohesabu ni heshima. Mimi ningeheshimika zaidi angelowesha kidole mate akahesabu noti zangu moja moja, akaniambia, "Haya, imebaki miezi kadhaa." Ningejua cherehani ni zangu.

Kuhusu ile ruhusa ya kutoa kabla ya mshahara, nikuambie nini? Sijawahi kuwa nayo. Nikikuonya utasema Mama ana wivu, na utakuwa hukukosea. Mimi najua tu nilichokiona kwenye karatasi ya Spesi. Ukipata ya kwako ya kwanza, isome kuanzia chini kwenda juu.

Fomu yako iko ndani ya bahasha hii. Sikuijaza na sitaijaza. Nilikuwa nimeshashika mkasi niikatie kola kama ile nyingine, nikaona niirudishe nzima.

Na mwisho wa mwezi huu nitakuja Muyinga. Uniwekee mkeka tu. Mwanzoni nilitaka kukutuma wewe kwa Spesi, ukabishe mlango na sura yako hiyo nzuri, akukumbuke, alie, asamehe, na mimi nikae hapa Gitega nisubiri simu. Nikaona ni mchezo ule ule, mtu mwingine abebe kwa niaba yangu. Nitakwenda mwenyewe Buhinyuza. Miezi mitatu ya wakati ule leo hainunui hata mfuko wa saruji, kwa hiyo nimeongeza, na nimeendelea kuongeza mpaka nikaanza kununa, hapo nikajua imetosha. Kitenge pia nimenunua. Sijakikata. Vipimo vyake vya zamani bado vimo humu kwenye daftari, lakini mwili wake wa leo siujui. Nitakwenda na utepe wangu nimpime upya, kama atakubali kuinua mikono mbele yangu.

Wivu wenyewe haujaisha, usidanganyike na barua. Siku ukipokea mshahara wa kwanza utanisikia kwenye simu nikisema "hongera" kwa sauti ya puani. Uniambie tu, "Mama, umeanza." Nitanyamaza.

Barua hii nilitaka kuificha katikati ya sare zako ili uisome ukiwa umeshafika, mimi nikiwa mbali na uso wako. Nilishainua hata nguo ya pili. Halafu nikakumbuka ile sindano ikitoboa hewa. Kwa hiyo nitaiweka juu ya begi lako, na kadi juu yake, uzione ukiamka. Isome kabla hujaenda benki kuifunga kadi kama ulivyopanga. Baba yako nimemwomba awahi kituoni akakushikie kiti cha mbele, tutakuwa wawili tu.

Kesho hutasikia cherehani. Nimezifunika zote tatu. Nitakuwa nje mlangoni, nimesimama, sina kitu mkononi. Ukitaka kunipita bila kusema neno, unipite, lakini utanikuta hapo.

Mama yako,
Zaituni